Seva inatoa milio mitano mifupi na mmoja mrefu, kisha inanyamaza: nifuate jedwali lipi?

mtunza_seva

Ndugu wataalamu, salamu.

Nimekabidhiwa seva yenye vichakataji viwili ambayo, kabla ya kunifikia, ilifunguliwa na fundi mwingine. Kwa maelezo niliyopewa, fundi huyo aliongeza moduli nne za RAM ya DDR4, akabadilisha pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya kichakataji na kipoza joto) kwenye vichakataji vyote viwili, akaifunga na kuiwasha, na tangu hapo haijaonyesha kitu chochote kwenye skrini. Ninapoiwasha, feni huzunguka kwa kasi ya juu bila kupungua, kisha spika iliyo kwenye bodi hutoa milio mitano mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu, halafu inakuwa kimya. Hakuna nembo, hakuna maandishi, na taa ya Num Lock kwenye kibodi haiwaki.

Nilipotafuta maana ya milio hiyo nilikuta majedwali yanayopingana. Moja, linalosemekana kuwa la BIOS (programu ya kuwashia mashine) ya kampuni ya AMI, linaeleza kuwa milio mitano ni hitilafu ya kichakataji. Jingine, nalo likijiita la AMI, linasema milio mitano ni kukosekana kwa kifaa cha kuonyesha au kuingiza maandishi. La tatu linataja RAM. BIOS ya seva hii ni ya AMI kwa mujibu wa maelezo ya bodi, kwa hiyo sioni kigezo cha kunifanya niliamini moja na kuliacha jingine.

Zaidi ya hayo, kuna mlio mwembamba usiokatika unaotoka upande wa nyuma, nao huanza mara tu ninapochomeka umeme, hata kabla sijabonyeza kitufe cha kuwasha.

Nimekwisha kuondoa moduli zile nne mpya na kubakiza za zamani katika nafasi A1 na B1 za kichakataji cha kwanza, lakini milio haikubadilika. Naomba kujua nifuate jedwali lipi, na kama dalili hizi zinatosha kuhitimisha kwamba bodi imekufa.

---

msikiliza_bodi

Ndugu mtunza_seva, kabla ya kuchagua jedwali unapaswa kuamua ni kifaa gani kinacholia, kwa sababu ndani ya seva moja vipo vinne vinavyoweza kutoa sauti, na kila kimoja kina lugha yake. Kuna BIOS, ambayo hukagua vifaa wakati wa kuwaka. Kuna kidhibiti cha BMC, yaani kompyuta ndogo iliyopachikwa kwenye bodi kwa ajili ya kuisimamia seva, ambayo hufanya kazi hata seva ikiwa imezimwa ili mradi tu waya wa umeme umechomekwa. Kuna kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa kuwa kundi moja. Na kuna pawasaplai zenyewe.

Mlio wa nyuma ni rahisi kuutenga. BIOS haiwezi kulia kabla ya kichakataji kupata umeme, na umesema mlio huo huanza kabla ya kubonyeza kitufe. Seva zenye pawasaplai mbili mara nyingi hulia bila kukoma pale moja inapokuwa imechomekwa na nyingine haipati umeme. Tazama taa ya kila pawasaplai, uhakikishe nyaya zote mbili zimeingia sawasawa, na huenda mlio huo ukaisha hapo hapo. Usiuhesabu kabisa katika uchunguzi wa ile milio mitano na mmoja.

Kadi ya RAID nayo ina mdundo wake, na nautaja kwa sababu watu wengi huuchukulia kama mlio wa BIOS wakaanza kuchomoa RAM isiyo na kosa lolote. Kwenye kadi za MegaRAID, sauti ya sekunde 1 ikifuatwa na kimya cha sekunde 1 humaanisha kundi la diski limepungukiwa lakini bado linafanya kazi. Sauti ya sekunde 3 na kimya cha sekunde 1 humaanisha kundi limeanguka. Na sauti ya sekunde 1 yenye kimya cha sekunde 3 husikika baada ya diski kukamilisha kujengwa upya. Milio ya namna hiyo hurudiarudia kwa muda mrefu. Wako husikika mara moja kisha ukakoma, basi si wa RAID.

Sasa tuje kwenye majedwali. Desturi hii ilianza na kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981, ambayo mlio mmoja mfupi ulimaanisha kwamba ukaguzi umepita salama, na mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ulielekeza kwenye kadi ya kuonyesha picha. Waliofuata kuandika BIOS hawakulazimika kufuata mpango huo, na hawakuufuata. Jedwali la zamani la AMI huhesabu milio mifupi kutoka 1 hadi 11: mmoja ni hitilafu ya kuhuisha RAM, miwili ni kosa la usawa wa biti, mitatu ni hitilafu katika KB 64 za mwanzo, minne ni kipima muda, mitano ni kichakataji, na kadhalika. Kule kutaja KB 64 tu kunatosha kukuonyesha umri wa jedwali lenyewe. AMI walipoingia katika UEFI, mrithi wa BIOS ya zamani, kwa programu yao ya Aptio, walianza hesabu upya, na humo milio mitano humaanisha kwamba hakuna kifaa cha kuonyesha au cha kuingiza kilichopatikana. Kwa hiyo majedwali yako mawili ya kwanza yote ni ya kweli, ila ni ya vizazi viwili tofauti.

La tatu nalo ni la kweli. Watengenezaji wa bodi za seva hununua programu ya AMI kisha wakaweka milio yao juu yake. Katika vitabu vya bodi kadhaa za Supermicro zinazotumia AMI, milio mitano mifupi na mmoja mrefu humaanisha kuwa hakuna RAM iliyotambuliwa, mitano pekee humaanisha kukosekana kwa kifaa cha kuonyesha au kuingiza, na mlio mmoja usiokatika ni onyo la joto kupita kiasi. Tazama jinsi ule mlio mrefu wa mwisho ulivyobeba maana yote: ukiuacha katika hesabu, unahamia kwenye kosa jingine kabisa. Kwenye bodi za seva za Intel milio mitatu mifupi ndiyo ya RAM. Phoenix, waandishi wengine wa BIOS, hupanga milio katika makundi manne yenye vituo katikati, mfano 1-3-4-1 kwa hitilafu ya RAM kwenye laini ya anwani, na seva za zamani za PowerEdge za Dell hutumia makundi matatu, ambapo kuanzia 1-3-1 hadi 2-4-4 yote huhusu moduli zisizotambuliwa au zisizotumiwa ipasavyo.

Kwa hiyo jedwali la kufuata ni lile lililo katika kitabu cha bodi yako hasa, kwa namba ya modeli iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, kwa kuwa jina la kampuni iliyoandika BIOS halitoshi kukupa jibu. Rekodi milio kwa simu, uisikilize tena kwa utulivu, uandike urefu wa kila mlio na urefu wa kila kituo. Masikio ya mtu aliyeinama juu ya feni zinazovuma hukosea hesabu kwa urahisi.

---

chumba_cha_seva

Nakubaliana na ndugu msikiliza_bodi, nami naongeza jambo ambalo kwa maoni yangu linapaswa kutangulia bisibisi. Seva, tofauti na kompyuta ya mezani, ina shahidi mwingine ambaye ni BMC, na ushahidi wake ni wa maandishi. Unganisha waya wa mtandao kwenye tundu la usimamizi, subiri dakika chache baada ya kuchomeka umeme kwa sababu BMC nayo huhitaji muda wa kuwaka, kisha soma daftari la matukio. Ukitumia ipmitool, programu ya kuzungumza na BMC, kutoka kompyuta nyingine, amri ni `ipmitool -I lanplus -H anwani -U mtumiaji sel elist` kwa matukio na `sdr` mahali pa `sel elist` kwa usomaji wa sensa.

Katika sensa, tafuta volteji ya RAM wakati seva imewashwa. Moduli za DDR4 hutumia volti 1.2. Ukiona thamani iliyo karibu na hiyo, basi saketi inayolisha nafasi za RAM inafanya kazi, na dhana ya bodi iliyokufa inapungua nguvu. Ukiona sifuri, usihangaike kuzungusha moduli.

BMC nayo inaweza kulia kwa niaba yake. Kwenye bodi za seva za Intel, kwa mfano, makundi yanayoanza na 1-5 hutoka kwa BMC: 1-5-2-1 ni soketi ya kichakataji cha kwanza kuwa tupu au kichakataji kutotambuliwa, 1-5-4-2 ni umeme wa ndani kukatika ghafla, na 1-5-4-4 ni umeme kushindwa kuthibitika kwa wakati. Makosa ya aina hiyo hutokea kabla BIOS haijaanza kutekeleza amri hata moja, na ndiyo maana BIOS haiwezi kuyaripoti. Kwako wewe, kwa kuwa umesikia mlio wa BIOS, kichakataji cha kwanza kimewaka na kimeweza kusoma na kutekeleza amri. Hilo peke yake linafuta sehemu kubwa ya hofu yako.

Kuhusu skrini kuwa nyeusi: BIOS huandaa RAM mapema sana, wakati bado inatumia akiba ya ndani ya kichakataji kama RAM ya muda. Vifaa vya kuonyesha picha huja baadaye. Mashine iliyokwama kwenye RAM haina namna ya kukuandikia neno, ndiyo maana ikabakiwa na spika. Kama bodi yako ina onyesho dogo la tarakimu mbili au safu ya taa ndogo za uchunguzi, isome, kwani humo huonekana namba ambayo BIOS hupeleka kwenye mlango 80h katika kila hatua, na namba hiyo ni sahihi zaidi kuliko mlio wowote.

---

jaribu_kwanza

Mimi ningefuta mipangilio ya CMOS, yaani ile ya BIOS inayotunzwa kwa betri, na kubadilisha betri ya CR2032, halafu nikaandika BIOS upya. Makosa mengi ya namna hii huondoka kwa njia hiyo.

---

chumba_cha_seva

Kufuta CMOS kwa jampa (kiunganishi kidogo kwenye bodi) hakuna hasara, na kunaweza kusaidia iwapo mipangilio ya kasi ya RAM ya zamani imebaki. Kuandika BIOS upya kwa sasa ni jambo ninaloomba lisifanywe. Programu inayoweza kufika kwenye ukaguzi wa RAM na kulia kwa mpangilio unaosomeka haijaharibika kiasi cha kuhitaji kuandikwa tena, na uandishi unaofanywa kwenye mashine isiyo imara ukikatika katikati utakuachia kosa la pili juu ya la kwanza.

---

mtunza_seva

Nashukuru sana kwa majibu haya. Mlio wa nyuma umekwisha: pawasaplai ya pili ilikuwa na waya uliolegea, na daftari la matukio linaonyesha kwamba ilipoteza umeme tangu siku ya matengenezo.

Kitabu cha bodi kinathibitisha kuwa mitano mifupi na mmoja mrefu ni kutotambuliwa kwa RAM. Nimerekodi milio na kuisikiliza tena, na mpangilio ni huo huo. Sensa ya volteji ya RAM upande wa kichakataji cha kwanza inasoma volti 1.21. Nimefuta CMOS bila mabadiliko. Kinachonitatiza ni kwamba daftari halina tukio lolote linalohusu RAM, si la sasa wala la kabla ya matengenezo.

Vibandiko vya moduli vinasomeka hivi: za zamani ni 16GB 2Rx4 PC4-2400T-R, na zile mpya ni 16GB 2Rx8 PC4-2666V-E.

---

msikiliza_bodi

Hizo herufi za mwisho zinatoa maelezo mengi. R inamaanisha moduli yenye rejista, yaani chipu inayopokea amri za kichakataji na kuzipitisha kwa RAM, ambayo mafundi huiita RDIMM. E inamaanisha moduli yenye ECC (urekebishaji wa makosa ya biti) lakini isiyo na rejista. Zote mbili zina biti 72 na zote hurekebisha makosa, ndiyo maana muuzaji anaweza kukuambia kwa dhati kwamba ni RAM za seva, lakini haziwezi kukaa pamoja katika mashine moja, na seva nyingi za vichakataji viwili hazikubali ile ya E hata ikiwa peke yake. Ubaya wa DDR4 ni kwamba aina zote mbili zina miguu 288 na mkato mahali pale pale, hivyo nafasi hupokea ile isiyofaa bila kuikataa. Katika DDR5 mikato imetofautishwa, na kosa hili haliwezekani tena kwa mikono. Hizo moduli mpya ziweke pembeni moja kwa moja.

Kwamba daftari halina tukio la RAM hakukanushi milio. Matukio ya RAM kwa kawaida huandikwa na BIOS ikiwa imeshajua ni moduli gani iko wapi. Ikiwa haikuiona moduli yoyote, haina jina la kuandika.

Tatizo lako la msingi sasa ni kwamba milio imebaki hata baada ya kuondoa zile zisizofaa. Hapo ndipo inabidi kuuliza maana halisi ya maneno "haikutambuliwa". Kila moduli ina chipu ndogo iitwayo SPD, inayobeba maelezo ya aina yake, ukubwa wake na kasi yake, na BIOS huisoma kupitia laini nyembamba ya mawasiliano kabla ya kugusa RAM yenyewe. Laini hiyo inatumiwa na moduli kadhaa kwa pamoja. Ikikatika, au moduli moja ikiivuta chini, moduli zote zilizo juu yake zitaonekana kana kwamba hazipo, hata zikiwa nzima. Basi mlio wako unaweza kutokana na moduli, nafasi, laini, au mahali laini hiyo inapoishia. Na inaishia kwenye kichakataji.

Hapa watu wengi hupotea kwa sababu bado wanafikiria kompyuta za zamani ambazo kidhibiti cha RAM kilikuwa katika chipu nyingine kwenye bodi. AMD walikiingiza ndani ya kichakataji cha Opteron mwaka 2003, na Intel wakafuata katika kizazi cha Nehalem mwaka 2008. Tangu wakati huo, mlio wa RAM unaweza kusababishwa na kichakataji kutokaa vizuri katika soketi: pini iliyopinda, pesti iliyomwagikia pini, au kipoza joto kilichokazwa upande mmoja zaidi ya mwingine kiasi kwamba kona moja ya kichakataji imeinuka kidogo. Umetueleza tangu mwanzo kwamba pesti ya joto ilibadilishwa, na taarifa hiyo kwa maoni yangu ni nzito kuliko ile ya RAM.

Fanya hivi. Zima, chomoa nyaya zote mbili za umeme, subiri taa za bodi zizimike kabisa, na uvae mkanda wa kuzuia umeme tuli. Ondoa kichakataji cha pili pamoja na RAM zake zote, na uiweke ile kofia ya plastiki juu ya soketi iliyobaki wazi. Bakiza moduli moja tu ya zamani katika A1. Iwashe na usikilize. Ikilia vilevile, hamishia moduli hiyo hiyo B1, kisha C1, kisha D1, ukichomoa umeme kila mara. Usibadilishe moduli katika hatua hii, kwa sababu ukibadilisha moduli na nafasi kwa pamoja hutajua kipi kimeleta tofauti. Nafasi zote zikishindwa, ndipo urudie kwa moduli nyingine. Soma pia kitabu chako kwanza, kwani baadhi ya bodi hulazimisha A1 itumike kabla ya nyingine zote.

Jambo la mwisho, usiizime haraka ikikaa kimya. Seva inayoona RAM mpya huchukua muda kuipima na kuirekebishia mawimbi yake, na yenye RAM nyingi inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi bila kosa lolote. Kimya kirefu bila mlio kwako wewe kitakuwa habari njema.

---

mtunza_seva

Nimefuata utaratibu huo kama ulivyoandikwa, na matokeo yametoka wazi kuliko nilivyotarajia. Kitabu hakikuweka masharti kuhusu A1. Moduli ikiwa A1, milio mitano na mmoja. Ikiwa B1, vivyo hivyo. Ikiwa C1, kimya cha muda, kisha mlio mmoja mfupi na nembo ikatokea kwenye skrini, GB 16 zikahesabiwa. D1 nayo inafanya kazi. Nimerudia kwa moduli nyingine ya zamani na mgawanyiko ni huo huo, A na B zinakataa, C na D zinakubali.

Je, hii ni nafasi mbili mbovu kwa wakati mmoja? Na je, kichakataji ndicho cha kubadilishwa?

---

chumba_cha_seva

Nafasi mbili jirani kufa siku moja, katika seva ambayo daftari lake halikuwa na kosa hata moja la RAM kabla ya matengenezo, ni jambo la nadra. Katika seva nyingi za kizazi chako chenye chaneli nne (njia za RAM, A hadi D) kwa kila kichakataji, laini za kusomea SPD ni mbili: moja huhudumia chaneli mbili za kwanza na nyingine chaneli mbili za mwisho. Mgawanyiko ulioupata unalingana kabisa na laini moja iliyokatika. Pini moja tu inatosha kuleta hali hiyo.

Ili kujua kama kosa liko ndani ya kichakataji au kwenye soketi, chukua kile kichakataji cha pili ulichokitoa, ikiwa ni cha modeli ile ile, ukiweke katika soketi ya kwanza, na moduli katika A1. Kosa likihama, kichakataji ndicho kibovu. Likibaki, tazama soketi. Wakati wa kubadilishana huko, ondoa kipoza joto kwa kulegeza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, na uangalie upande wa chini wa kichakataji kabla ya kufuta chochote, kwa kuwa alama ya pesti iliyohamia kwenye viguso ndiyo itakayokuonyesha mahali pa kutazama katika soketi.

Soketi yenyewe itazame kwa lenzi na taa inayomulika kutoka ubavuni. Pini zote zinapaswa kurudisha mwanga kwa namna moja. Iliyopinda itaonekana kama doa lenye giza au nukta inayong'aa peke yake. Usipitishe kitambaa wala pamba juu ya pini, maana nyuzi zake hunasa na kupindua nyingine. Kama ni pesti, tumia alkoholi ya isopropili na brashi laini sana, ukifuata uelekeo wa pini, na uache ikauke kabisa.

---

mtunza_seva

Kosa lilibaki kwenye soketi ya kwanza hata baada ya kubadilisha kichakataji, na sababu imeonekana. Chini ya kile kichakataji cha kwanza kulikuwa na alama ya pesti karibu na ukingo, na katika soketi, mahali panapolingana na alama hiyo, kuna pini chache zilizofunikwa na pesti na moja iliyolala upande. Nimezisafisha kama nilivyoelekezwa, na ile moja imenyanyuliwa na fundi wa bodi kwa sindano nyembamba chini ya darubini, kwa kuwa sikutaka kuifanya kazi hiyo kwa macho matupu.

Baada ya kurudisha vichakataji vyote na kukaza vipoza joto kwa mshazari, seva imewaka ikiwa na moduli zote za zamani. Mlio ni mmoja mfupi, feni zimetulia, na RAM yote inahesabiwa. Moduli za E nimezirudisha kwa muuzaji na kuomba za R.

Swali langu la mwisho: pini iliyonyanyuliwa inaaminika kiasi gani kwa seva inayotakiwa kufanya kazi mchana na usiku?

---

msikiliza_bodi

Pini iliyopinda mara moja na kunyooshwa inaweza kushika kwa miaka, lakini haina tena ule mkazo wa awali, na kiguso dhaifu hujidhihirisha kwanza pale joto linapopanda na kushuka. Usiirudishe seva kazini leo. Futa daftari la matukio kwa `ipmitool sel clear` ili chochote kitakachoandikwa kiwe kipya, kisha endesha programu ya kupima RAM usiku kucha huku mashine ikiwa na moto wa kazi, uizime ipoe kabisa, na uiwashe tena. Tazama hasa makosa yanayorekebishwa na ECC kwenye chaneli A na B: hayo hayaleti mlio wala hayaizuii seva kuwaka, hivyo hutayajua usipoyatafuta. Kwenye Linux yanasomeka pia kwa `edac-util -v`.

Kumbuka, hata hivyo, kwamba pini uliyoitaja huenda ni ya laini ya SPD, ambayo ECC haiilindi. Ikilegea tena hutaona makosa yanayorekebishwa. Utaona moduli za A na B zimetoweka kwenye hesabu baada ya kuwasha upya, au utasikia ile milio mitano na mmoja. Kwa sababu hiyo, weka kwenye mfumo wako wa ufuatiliaji onyo linalolinganisha jumla ya RAM inayotambuliwa na ile inayotarajiwa kila seva inapowaka. Moduli za R zikifika, ziongeze mbili kwanza katika C1 na D1, uendeshe kipimo tena, na baadaye tu ndipo uweke zilizobaki upande wa kichakataji cha pili.